Mama Bikoni Anajibu: Sentimita Mbili Zinatoka Wapi?

Barua za mwezi huu karibu zote zimegusa jambo moja: vipimo vya satelaiti kazini, kuanzia mgodini hadi baharini. Nimeamua ukurasa mzima uwe wa hayo. Kwa wasomaji wapya, mimi ni mpima ardhi tangu 1991, nilipoanza kwa kushika staafu, ile fimbo ndefu ya kusomea kimo, na kuvuta tepu ya chuma porini huko Singida. Jina la Mama Bikoni nilipewa na vijana wa saiti, kwa kuwa siku yangu ya kazi haianzi mpaka nimesimama juu ya bikoni ninayoijua, yaani alama ya zege au chuma iliyopandwa ardhini mahali palipopimwa.

*Shikamoo Mama. Mimi ni fundi msaidizi wa upimaji kwenye mgodi mdogo. Simu yangu hukosea mita nne au tano, lakini rova ya ofisini, kile kipokezi cha satelaiti cha kupimia, inanipa sentimita mbili. Bosi wangu anasema rova ina satelaiti zake za kulipia. Ni kweli?*
*Fundi msaidizi, Kahama*

Marahaba mwanangu. Si kweli. Satelaiti ni zile zile. GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya na BeiDou ya China zote zinatangaza bure, na simu iliyo mfukoni mwako inazisikia kama rova inavyozisikia. Tofauti iko kwenye rula ambayo kila kimoja kinapimia.

Satelaiti ya GPS iko juu yetu kilomita 20,200 hivi, na muda wote inatangaza saa yake. Kipokezi chako kinaangalia mawimbi yametumia muda gani njiani, kinazidisha kwa kasi ya mwanga, kinapata umbali. Simu inasoma msimbo, yaani mfuatano wa alama zilizopandikizwa juu ya wimbi la redio. Alama moja ya msimbo wa kiraia wa GPS, ukiitandaza angani, ina urefu wa karibu mita 300. Hebu fikiria rula ambayo kutoka mstari mmoja hadi mwingine ni mita 300. Hata uwe hodari kiasi gani wa kukadiria uko wapi kati ya mistari hiyo miwili, utabaki na shaka ya mita mbili tatu. Hapo hujaongeza mawimbi yanayochelewa angani na yanayogonga bati za nyumba kabla ya kukufikia.

Rova inasoma msimbo, kisha inakwenda mbele zaidi: inapima wimbi lenyewe lililoubeba. Wimbi la kwanza la GPS lina masafa ya megahezi 1575.42, na urefu wake ni sentimita 19. Kipokezi kizuri kinaweza kuligawa wimbi hilo hata mara mia. Kwa hiyo sasa una rula ya sentimita 19 yenye migawanyo ya milimita mbili.

Shida ni kwamba mawimbi hayana majina. Kila moja limefanana na jirani yake. Rova inajua iko sehemu gani ndani ya wimbi, lakini haijui ni mawimbi mangapi mazima yaliyopo kati yake na satelaiti, na hayo yanazidi milioni mia moja. Ile dakika unayosimama juani ukiitazama kontrola, kile kikompyuta cha rova, imeandika floti, ndiyo dakika ambayo kompyuta inatafuta hesabu hiyo kwa kila satelaiti. Ikiipata, maandishi yanageuka kuwa fiksi. Ndiyo maana mimi siruhusu kijana aliye chini yangu achukue nukta ya mpaka kwenye floti, hata kama namba inaonekana nzuri.

Hesabu hiyo rova haiwezi kuimaliza upesi ikiwa peke yake. Inahitaji mwenziwe, besi, aliyesimamishwa juu ya nukta ambayo kodineti zake, namba za mahali ilipo, zinajulikana. Besi inajua ilipo, hivyo ikisikiliza satelaiti inatambua mara moja kila moja inadanganya kiasi gani, na inairushia rova taarifa hizo kwa redio au kwa laini ya simu. Kwa kuwa mko karibu, anga mnalopokelea ni moja, na makosa yenu yanafanana. Watengenezaji wengi wanaahidi kosa la milimita 8 za mlalo, na nyongeza ya milimita moja kwa kila kilomita unayojitenga na besi.

Sasa nisikilize vizuri. Hizo sentimita mbili zinapimwa kutoka kwenye besi. Besi ikikaa pasipo pake, nukta zako zote zinahama pamoja nayo, na fiksi itaendelea kuwaka kijani kibichi kutwa nzima. Bosi wako analipia masahihisho, yaani zile taarifa za besi, kama analipia. Mwulize masahihisho hayo yanatoka kituo gani, na kituo hicho kimefungwa kwenye mfumo gani wa kodineti. Asipojua, hilo ndilo la kushughulikia kabla ya kitu kingine chochote.

*Habari Mama Bikoni. Naendesha greda lenye skrini ya satelaiti. Juzi skrini iliniambia nikate sentimita 12, lakini kigingi cha mpimaji kilikuwa kinasema nimefika. Mpimaji alikuwa hayupo. Nilikata. Nilifanya makosa?*
*Opereta wa greda, barabara ya Manyoni*

Kaka yangu, hukufanya kosa la kazi, lakini ulifanya uamuzi ambao si wako. Vitu viwili vikipingana saitini, simamisha mashine, pandisha bledi, piga simu. Nitakueleza kwa nini nalisema hili kwa uchungu.

Mwaka 2009 nilikuwa msimamizi wa upimaji kwenye barabara moja ya changarawe katikati ya nchi. Asubuhi moja nilisimamisha besi mwenyewe. Nikapima kimo cha antena kutoka kichwa cha bikoni: mita 1.253. Kwenye kontrola nikaandika 1.523. Tarakimu mbili zimepishana, basi. Kontrola haikulalamika, kwa nini ilalamike? Kwa akili yake antena ilikuwa juu kwa sentimita 27 kuliko ilivyokuwa kweli, kwa hiyo kila kimo ilichotoa siku ile kilizidi kwa sentimita 27. Greda likaamini bledi yake iko juu mno, likakata. Kijana wa rova akawa anapita nyuma akihakiki, na kila alipogusa alipata namba safi kabisa, kwa sababu rova na greda vilikuwa vinachota kisima kimoja.

Aliyegundua alikuwa mzee mmoja fundi wa kalavati, mwenye leveli ya zamani na staafu ya mbao. Alikuwa amepigilia msumari kwenye ukuta wa kalavati miezi miwili nyuma na kuandika kimo chake kwenye daftari. Saa kumi jioni akaja taratibu akaniambia, "Mama, barabara yako imezama." Mita 400 kwa upana wa mita 9, kwa kina cha sentimita 27: hesabu inakuja mita za ujazo 970 na ushei. Tuliagiza tipa zaidi ya sitini za kifusi kurudisha ardhi mahali pake, na wiki nzima ya kushindilia. Mkandarasi alinibakiza kazini. Daftari la yule mzee nililiomba, nikanakili ukurasa ule kwa mkono.

Tangu siku hiyo utaratibu wangu haujabadilika. Kimo cha antena kinapimwa na watu wawili, kila mmoja anaandika kivyake, ndipo wanasomeana. Besi ikishawaka, rova inapelekwa kwenye bikoni nyingine, si ile ya besi, na namba zinalinganishwa. Zikipishana zaidi ya sentimita mbili za mlalo au tatu za kimo, hakuna mashine inayowashwa.

Kwako wewe opereta kuna lako. Satelaiti haiioni bledi. Inaziona antena zilizo juu ya milingoti, halafu kompyuta inashuka kwa hesabu mpaka kwenye makali ya bledi, kwa vipimo ilivyopewa siku ya kufungwa. Makali yanalika. Baada ya wiki kadhaa kwenye mawe ya Manyoni yanaweza kuwa yamepungua sentimita tatu au nne, na greda litaacha ardhi juu kwa kiasi hicho hicho likidhani limefika. Siku mkibadilisha makali mapya bila kuiambia kompyuta, linageuka, linakata kupita kiasi. Nina shaka sehemu ya tatizo lako ni hiyo, kama makali yamebadilishwa karibuni. Mwenye eskaveta naye aangalie meno ya ndoo. Omba mpimaji akupigilie msumari mmoja kwenye zege karibu na maegesho, akupe kimo chake. Kila asubuhi kabla ya chai, gusisha kona ya bledi pale na usome skrini. Ni kazi ya dakika tatu.

Na ukifika kwenye tabaka za mwisho za lami, usikubali kufanya kazi ya milimita kwa satelaiti peke yake. Kimo cha satelaiti siku zote ni kibovu kuliko mlalo wake, kwa sababu satelaiti zote ziko juu yako. Hakuna hata moja chini ya miguu yako ya kukusawazishia. Hapo inaingia leza au totali stesheni, mashine ya kupimia pembe na umbali kutoka ardhini bila satelaiti.

*Mama, tunafanya kazi zamu ya usiku kwenye mgodi wa wazi. Kuanzia saa mbili usiku mashine ya kuchoronga inapoteza fiksi, inarudi, inapoteza. Saa saba usiku inatulia yenyewe. Fundi ameshabadilisha antena na kebo. Septemba ilikuwa mbaya zaidi. Wenzangu wanasema kuna mtu anatuchezea.*
*Msimamizi wa zamu, Geita*

Hakuna mtu anayewachezea, na hiyo kebo mpya mngeiokoa. Ni anga letu.

Juu ya kilomita mia hivi kuna tabaka la hewa ambalo jua huligonga mchana kutwa mpaka linajaa chaji za umeme. Wataalamu wanaliita ionosfia. Mawimbi ya satelaiti yakipita humo yanacheleweshwa, na mchana ucheleweshaji huo ni wa polepole, besi na rova zinauona sawa, zinaufuta. Jua likizama, kwenye nchi zilizo karibu na ikweta ya sumaku, tabaka hilo halitulii taratibu kama kwingineko. Linachemka. Yanatokea mapovu makubwa ya hewa nyepesi yanayopanda juu na kusambaa, na wimbi linalokatiza povu linameta kama taa inayotazamwa kupitia moshi wa moto. Kipokezi kilichokuwa kinahesabu mawimbi ya sentimita 19 moja moja kinapoteza hesabu. Fiksi inakufa.

Angalia ulivyoandika mwenyewe: inaanza baada ya magharibi, inaisha katikati ya usiku, Septemba ni mbaya zaidi. Ndivyo linavyokwenda. Miezi ya Machi na Aprili, halafu Septemba na Oktoba, mchana na usiku vinapolingana, ndiyo misimu yake. Na linafuata pia mzunguko wa jua wa miaka 11 hivi. Kilele cha karibuni kimekuwa kwenye 2024. Wenzetu wa nchi za baridi hawalijui tatizo hili la kila jioni, na vitabu vya mashine vinaandikwa kwao. Wao huonja siku jua linapochafuka hasa, kama tarehe 10 Mei 2024, dhoruba ya jua ilipowasimamisha wakulima wa Marekani katikati ya msimu wa kupanda mahindi kwa sababu matrekta yao yalikuwa hayajui mistari iko wapi.

La kufanya? Sogezeni besi. Kama iko ofisini kilomita 12 kutoka shimoni, ileteni ukingoni mwa shimo, ili zote mbili zipite anga lile lile. Hakikisheni vipokezi vinasikia mifumo yote minne na masafa zaidi ya moja, maana povu halizibi mbingu nzima kwa wakati mmoja. Kazi inayohitaji nafasi sahihi kabisa ipangwe kabla ya saa kumi na mbili jioni au baada ya saa saba usiku. Na kwa miezi hiyo minne wekeni totali stesheni ukingoni, tayari. Kuta za shimo nazo zinaziba satelaiti za chini, hivyo mkishuka sana mtakuwa mnapambana na mambo mawili kwa pamoja.

*Bi Mpimaji, ninasimamia mashine kwenye shamba la miwa bonde la Kilombero. Tunataka trekta zijiendeshe kwa mistari. Muuzaji mmoja anataka tununue besi yetu. Mwingine anasema tulipie huduma ya mwaka inayoshuka moja kwa moja kutoka satelaiti, hakuna besi, hakuna redio. Tuchague ipi?*
*Msimamizi wa mashine, Kilombero*

Swali lako limenifurahisha kwa sababu ya zao lenyewe. Kwa mahindi ningekujibu kwa mstari mmoja. Miwa ni jambo jingine.

Huduma ya pili aliyokueleza ni ya kweli na inafanya kazi. Kampuni inakuwa na vituo vyake dunia nzima, inapiga hesabu ya makosa ya kila satelaiti, mzunguko wake na saa yake, halafu inayarusha masahihisho kupitia satelaiti nyingine zilizotulia juu ya ikweta. Trimble, Hexagon na Fugro ni miongoni mwa wenye huduma za namna hiyo. Trekta likiwashwa linasubiri dakika kadhaa mpaka hesabu itulie, kisha linapata usahihi wa sentimita chache. Inafaa sana pale ambapo besi haiwezekani, kama kwenye meli za utafiti na mitambo ya gesi baharini. Galileo nayo tangu Januari 2023 inatoa masahihisho ya aina hiyo bure kabisa, kwa lengo la sentimita 20 za mlalo, kwa mwenye kipokezi kinachosikia masafa yake ya megahezi 1278.75. Sentimita 20 hazitoshi kupanda miwa, lakini kwa kunyunyiza au kupima eneo zinatosha, na mtu asikuuzie kile unachoweza kupewa bure.

Hapa Afrika Mashariki tunachangia hesabu hizo kuliko watu wanavyodhani. Pale Malindi, kwenye kambi ya anga ya Waitaliano ambako mwaka 1970 ilirushwa satelaiti iliyoitwa Uhuru, kipo kituo cha mtandao wa kimataifa wa kufuatilia satelaiti hizi. Kingine kipo Mbarara, Uganda. Data zao hutumiwa na watu wasiojua hata kutamka majina ya miji hiyo. Kila nikipita Malindi hukitazama kituo kile kwa fahari.

Sasa miwa. Unapanda mara moja, unavuna, mashina yanachipua, unavuna tena, miaka mitano au zaidi. Tairi la trekta lazima lipite pale pale kila mwaka, la sivyo unakanyaga mashina na kushindilia udongo wa mizizi. Huduma za satelaiti zinatoa kodineti za dunia nzima, na bara letu linatembea. Ardhi unayosimama inasogea kuelekea kaskazini-mashariki sentimita mbili hadi tatu kwa mwaka, ukilinganisha na mfumo huo wa dunia. Mstari uliouhifadhi mwaka huu, baada ya miaka mitano utakuwa umebaki nyuma ya shina lake kwa zaidi ya sentimita kumi, bila mtu yeyote kugusa kitu, isipokuwa kama huduma hiyo inafanya marekebisho ya mwendo wa bara. Muulize muuzaji hilo kwa maneno hayo hayo na umwangalie anavyojibu.

Besi yako mwenyewe, iliyofungwa kwenye nguzo ya zege pale karakana, inatembea pamoja na shamba. Mstari unabaki shambani. Kwa bonde tambarare kama lenu, redio moja juu ya mnara wa maji itafika mbali. Mimi ningenunua besi, nikaweka nguzo ya pili ya akiba mita 200 pembeni, na kodineti za zote mbili nikazipaka rangi ukutani ofisini, maana laptop huibiwa na watu huhama.

*Asalaam alaykum Bibi. Niko kwenye boti ya kuvuta meli, Sohar. Juni 2025 skrini zetu zilituonesha tuko nchi kavu ilhali tuko majini. Je, tukilipia huduma ya usahihi wa juu tutasalimika?*
*Baharia wa Unguja, Oman*

Waalaykum salaam baba. Hapana, na yeyote atakayekuuzia kwa sababu hiyo amekudanganya.

Mawimbi ya satelaiti yanapofika chini ni dhaifu mno, redio ndogo ya duniani inaweza kuyafunika. Kuna wanaofunika tu, na hapo skrini yako inakosa nafasi. Kuna wanaoiga, wanatangaza mawimbi ya uongo yenye sura ya kweli, na hapo ndipo unapojikuta umeegeshwa juu ya uwanja wa ndege. Mwezi ule meli nyingi sana za mlango-bahari wa Hormuz na Ghuba zilipata masaibu hayo kama nyinyi. Masahihisho ya sentimita yanasahihisha unachokisikia. Kama unachokisikia ni uongo, hayana cha kusahihisha.

Yapo yanayosaidia. Galileo sasa inatia muhuri kwenye ujumbe wake ili kipokezi kitambue wa kughushi, huduma iliyoanza rasmi Julai 2025, lakini kipokezi lazima kiwe kimetengenezwa kuusoma. Zipo antena maalumu zinazotambua wimbi limetoka pembeni badala ya juu. Lakini wewe una rada, na rada haitegemei satelaiti. Chagua ncha ya ukuta wa bandari na taa moja ya ufukweni, pima umbali na uelekeo kwa rada kila unapotoka na kila unapobadili zamu, andika kwenye kitabu. Hizo ndizo bikoni zako. Siku skrini na rada zikigombana, mpe nahodha umbali wa rada.

*Mama, nimesimama ufukweni Kigamboni, maji yananigusa vidole, kipokezi kinaniambia niko zaidi ya mita 20 chini ya sifuri. Kimeharibika?*
*Mwanafunzi wa chuo, Dar es Salaam*

Kizima kabisa. Satelaiti inapima kimo kutoka kwenye umbo laini la hesabu linalofanana na yai lililobanwa, si kutoka baharini. Bahari inafuata mvutano wa dunia, na kwenye pwani yetu inakaa chini ya umbo hilo kwa zaidi ya mita 20. Unahitaji modeli ya jioidi, yaani ya umbo hilo linalofuata mvutano wa dunia, kugeuza kimo kimoja kuwa kingine, na usisahau kuandika umetumia ipi. Hata Kilimanjaro: Waingereza mwaka 1952 waliandika mita 5,895, vipimo vya satelaiti vya 1999 na 2008 vikatoa pungufu kwa mita chache, na sehemu kubwa ya mjadala ilikuwa hapo hapo, kimo kimeanzia wapi.

*Mwanangu Mama Bikoni, nina umri wa miaka 78. Shamba langu lina hati ya 1974. Kuna mradi utapita huku, tumeambiwa tuandae nyaraka. Mjukuu wangu ameingiza namba za hati kwenye simu, shamba limeonekana limehama karibu mita 300, liko kwa jirani. Usingizi umenitoka. Bikoni mbili naziona, ya tatu iko chini ya mwembe imefunikwa na nyasi, ya nne sijui.*
*Mzee wa Muheza*

Shikamoo Baba. Lala usingizi. Shamba lako halijahama hata shubiri.

Hati yako ya 1974 imeandikwa kwa mfumo wa zamani unaoitwa Arc 1960. Jina hilo limetokana na safu ya vipimo ambayo David Gill aliibuni mwaka 1879 kule Afrika Kusini, ipande kufuata longitudo ya 30 mpaka Misri. Wapimaji walitembea kwa miguu, kilima hadi kilima, pembetatu kwa pembetatu, kiungo cha mwisho kikakamilika 1954. Kazi ya watu hao ilikuwa nzuri ajabu, lakini kitovu cha dunia walichokikisia hakikuwa pale ambapo satelaiti zinakijua leo. Simu ya mjukuu inatumia mfumo wa satelaiti. Ukiingiza namba za Arc 1960 bila kuzigeuza, kwa Kenya na Tanzania nukta inaruka karibu mita 300 kuelekea kaskazini na karibu mita 90 magharibi. Muulize mjukuu: shamba limerukia upande huo? Nina hakika atasema ndiyo.

Mpimaji yeyote mwenye leseni anajua kuzigeuza. Wenye miradi mirefu nao lazima waamue mfumo mmoja tangu siku ya kwanza; bomba la mafuta la kutoka Hoima hadi Chongoleani peke yake ni kilomita 1,443, hebu fikiria vipande viwili vikutane kila kimoja kina mfumo wake. Kwa hiyo wakija kupima kwako, waulize bila woga wanatumia mfumo gani, na waandike jina la mfumo huo kwenye fomu karibu na namba, kabla hujatia sahihi. Namba zisizo na jina la mfumo usizitie sahihi, Baba. Fidia ya miti yako inahesabiwa kwa mistari hiyo.

Na kwa taratibu zetu za upimaji, bikoni ya asili iliyopandwa ardhini na haijaguswa ndiyo inayoheshimiwa kwanza. Mpimaji akipata tatu kati ya nne, ya nne ataipata kwa hesabu, na akichimba kidogo mara nyingi anakuta zege au chuma chake bado kipo. Mtu asizing'oe, asizisogeze, hata kwa nia njema ya kuzisafisha.

Jumamosi hii mchukue mjukuu na panga moja. Fyekeni nyasi chini ya ule mwembe mpaka jiwe lionekane, mpige picha karibu mpaka maandishi ya kichwani mwake yasomeke, kisha pimeni kwa tepu kutoka jiwe hadi shina la mwembe na muandike nyuma ya nakala ya hati. Nitumieni picha hiyo kupitia gazeti. Namba iliyochongwa pale nitaisoma mwenyewe.